Simu Iliyojifunga Kidakani: Kisa cha Kabambe Moja, Lamu

Kisa hiki kilitokea Lamu Mji, na mwenyewe ameniruhusu nikisimulie. Nimebadilisha umri, jamaa na mambo mengine madogo ili asijulikane. Humu nitamwita Bi Mkubwa, kama nimwitavyo kila siku. Mimi ni wakala wa pesa za simu, na kando ya meza ya uwakala nina meza nyingine ya kutengenezea simu. Nawaandikia mawakala na mafundi wenzangu, na zaidi nawaandikia vijana wanaorudi nyumbani sikukuu na simu mpya mkononi kwa ajili ya bibi au babu.

Usuli

Bi Mkubwa amepita miaka 70. Ni mjane, na riziki yake ni mikate ya mofa. Wateja humpigia alasiri kuagiza, naye huwasha moto kwa hesabu ya simu alizopokea. Siku asiyopigiwa, ama unga unaoza au wageni wa watu wanakosa mkate. Mwisho wa mwezi bintiye aliyeko Mombasa humtumia pesa kwa M-Pesa, na hilo limekuwa jambo la kawaida kwao kwa miaka mingi.

Kurani anaisoma bila ya kusita, na barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu anaisoma vilevile, kama walivyofunzwa wengi wa rika lake. Herufi za Kirumi anaziokoteza moja moja. Tarakimu anazijua vizuri kwa ajili ya biashara. Nalitaja hili mapema kwa sababu karibu kila aliyeishika simu ile alimhesabu Bi Mkubwa kuwa ni mtu asiyejua kusoma, akaona hakuna haja ya kumweleza kitu.

Nyumba yake ni ya kale, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa moja na zaidi, dari ya boriti. Chumba cha ndani kina zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, na humo ndimo anamoweka vitu vya thamani: miwani, tasbihi, dawa ya presha, na simu.

Jambo la mwisho la kujua ni usajili wa laini, ile kadi ndogo ya simu yenye namba yake. Siku ya kusajili, Bi Mkubwa alikuwa mgonjwa, binti akatumia kitambulisho chake mwenyewe ili mamake asikose simu. Alifanya kwa wema kabisa. Miaka ikapita, hakuna aliyelikumbuka.

Simu mpya

Simu ya zamani ilimponyoka ikatumbukia kwenye birika. Mjukuu wake, kijana anayefanya kazi bara, akaja na kabambe mpya, yaani simu ya vitufe ambayo wengine huiita mulika mwizi, siku mbili kabla ya Idi.

Ilikuwa simu nzuri. Vitufe vikubwa, tochi kichwani, redio, betri ya kutoka kwa kucha, nafasi mbili za laini. Wapo wanaoziona simu hizi kuwa ni za mtu asiye na uwezo wa kununua nyingine, na mimi sikubaliani nao. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ilijengwa kwa mawazo hayo hayo: tochi, uso usiopitisha vumbi, betri ya kudumu. Kwa mikono yenye unga, katika mji ambao hewa yake ina chumvi, mulika mwizi ni chombo kilichofikiriwa.

Kijana aliiandaa kwa muda wa vikombe viwili vya kahawa. Aliitoa laini kwenye simu iliyolowa, akaifuta, akaitia katika simu mpya, pembe iliyokatwa ikae upande wake. Laini haikudhurika, maji huua simu kabla ya kuua kile kipande kidogo. Akairudisha betri, akawasha. Lugha akaiacha Kiingereza. Majina ya wateja yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye laini yakatokea yenyewe, kama 40 hivi. Yale yaliyokuwa kwenye kumbukumbu ya simu ya zamani yalikwenda na maji, naye akaandika upya 12 aliyoyakumbuka bibi yake.

Kisha, kwa kuwa alisikia habari za watu wanaoibiwa simu, akaingia kwenye mipangilio akaiwekea laini PIN. Akachagua mwaka wake yeye wa kuzaliwa.

Akamwambia, "Bibi, nimekuwekea namba ya siri."

Bibi akajibu, "Namba ya siri ninayo, mjukuu wangu."

"Basi sawa."

Mazungumzo hayo nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yalikuwa yale yale. Kijana alidhani bibi yake ameshaiona namba alipokuwa akiibonyeza. Bibi alikuwa akisema juu ya namba yake ya M-Pesa.

Siku 10 za utulivu, kisha siku ya 11

Kwa siku 10 simu ilifanya kazi bila kasoro. PIN ya laini huulizwa simu inapowashwa tu, na simu hii haikuzimwa hata mara moja. Kijana alishaondoka.

Kilichoizima ni kidaka. Kabambe ikikaa wazi hudumu na chaji siku nyingi. Ikiwekwa nyuma ya ukuta wa dhiraa, mtandao huifikia kwa shida, nayo hulazimika kuongeza nguvu na kuutafuta mnara tena na tena, na kazi hiyo hula betri. Usiku wa siku ya 10 chaji ikaisha, kitu ambacho Bi Mkubwa hakukitarajia maana simu ya zamani aliiweka jikoni uwanjani. Kidakani aliiweka hii kwa sababu ilikuwa zawadi.

Asubuhi akaichaji, akaiwasha. Simu ikaandika sentensi ya Kiingereza na kungoja tarakimu 4 zitakazoonekana kama nyota. Nyota 4 anazijua, ni zile zile za M-Pesa. Akatia namba yake ya M-Pesa. Simu ikakataa. Akatia tena, polepole. Ikakataa. Akavaa miwani, akatia mara ya tatu.

Hapo laini ikajifunga, ikataka PUK, namba ya tarakimu 8 ya kuifungulia laini iliyojifunga.

Mtoto wa jirani, wa miaka kama 14, akaitwa kusaidia. Akajaribu tarakimu za simu yenyewe, akajaribu kitambulisho, akajaribu nane za kubahatisha. Alikuwa na nia njema na vidole vyepesi. Simu ilipoletwa kwangu baada ya swala ya alasiri, kioo kilisema yamebaki majaribio 3. Kile kipande cha plastiki ambacho laini huja nacho, chenye PIN na PUK nyuma yake, kilitupwa zamani.

Kufikia saa ile wateja walikuwa wanapiga na kukosa. Binti naye alikuwa ametuma pesa za mwezi asubuhi, akapiga kumjulisha mamake, akapiga tena, mwisho akampigia jirani akilia.

Maamuzi, na sababu zake

La kwanza nililolifanya ni kutoa betri, ili pasiwe na mtu wa kubonyeza tena. Kibarazani palikuwa na watu watano na kila mmoja alikuwa na rai. Mmoja alisema laini itiwe kwenye simu nyingine ianze upya. Mwingine akasema simu "iflashiwe", yaani programu yake ifutwe na kuwekwa upya. Nikawaeleza, na hapa nataka kila wakala awe na maneno ya kueleza: hesabu ya makosa huwekwa ndani ya laini yenyewe. PIN ukikosea mara 3, inaomba PUK. PUK ukikosea mara 10, laini imekufa na haifufuki. Ukiihamisha kwenye simu mia, hesabu itakwenda nayo. Kuiflashi simu kungefuta yale majina 12 na laini ingebaki imefungwa vile vile.

La pili lilikuwa kumtuliza kuhusu pesa. Bi Mkubwa aliamini kwamba pesa alizotumiwa zimefungiwa ndani ya laini. Nikamwambia pesa ziko kwenye akaunti yake katika mitambo ya kampuni. Laini ni njia ya kuzifikia tu. Pesa za asubuhi zimeshaingia na zinamngoja. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tufanye taratibu." Sentensi ile ilitupa nafasi ya kufikiri, na naiona kuwa ndiyo iliyookoa siku.

La tatu lilikuwa gumu zaidi: kutafuta PUK au kubadilisha laini? Kubadilisha ni jambo la haraka, namba hubaki ile ile na akaunti hubaki ile ile. Ila laini mpya huja tupu, na yale majina 40 ya wateja yangepotea. Nikamuuliza kama anayo mahali pengine. Hakuwa nayo. Tena njia zote mbili zilimhitaji mtu ambaye laini imesajiliwa kwa jina lake, na hapo ndipo tulipokumbuka kwamba mtu huyo yuko Mombasa. Laini mpya ingebidi isafirishwe mpaka Lamu. PUK ni tarakimu tu, ingekuja kwa simu. Tukachagua PUK.

Asubuhi iliyofuata binti akaenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni ya simu, akahojiwa kama inavyotakiwa, akapewa tarakimu 8. Akanipigia. Nikaandika, nikamsomea, akasema ndivyo. Nikatia.

Ikakataa. Yakabaki majaribio 2.

Nilisimama nikatoka nje. Nimefanya kazi hii miaka mingi na mikono yangu ilikuwa ya baridi. Niliporudi niliitazama karatasi na kujiuliza ni tarakimu gani sikio linaweza kuidanganya. Katika Kiswahili jibu liko wazi: nne na nane. Kwenye simu inayokatika katika soko lenye kelele hazina tofauti, na hata nilipomsomea yeye alisikia alichotaka kusikia. Nikamwomba binti aniandikie kwa ujumbe mfupi. Tarakimu ya 5 niliiandika 8. Ilikuwa 4.

Safari hii sikubonyeza mimi. Nilimwita Bi Mkubwa, nikamsomea moja moja, yeye akairudia kwa sauti na kuibonyeza. Laini ikakubali, ikaomba PIN mpya mara mbili. Nikageuza uso, nikamwambia achague tarakimu 4 ambazo si za M-Pesa wala si za mwaka wa mtu yeyote. Akachagua. Nikaufuta ule ujumbe wenye PUK mbele yake, naye akaniona nikiufuta.

Mlango na kasha

Ushauri wangu ulikuwa tuiondoe kabisa PIN ya laini, mambo yawe mepesi. Alikataa.

"Mlango usio na komeo huingia kila mtu," akasema. "Kosa halikuwa komeo. Kosa ni kuwa ufunguo hakuwa nao mwenye nyumba."

Nilikaa kimya, kwa sababu alikuwa na haki na mimi nilikosea. Nilitaka kumwondolea kinga ili kunipunguzia mimi kazi. PIN ya laini ina faida ya kweli: mwizi akiitoa laini na kuitia kwenye simu yake, bila PIN hataweza kupiga wala kupokea kwa jina lako.

Tukajenga juu ya maneno yake mwenyewe. PIN ya laini tukaiita ufunguo wa mlango: huulizwa unapoingia, yaani simu inapowashwa. Namba ya M-Pesa tukaiita ufunguo wa kasha: huulizwa unapotaka kutoa pesa tu, ukiwa umeshaingia ndani. Ukiulizwa ufunguo simu inapowashwa, ni wa mlango. Nyota ni 4 huku na 4 kule, kwa hivyo usizitazame nyota, tazama umesimama wapi. Namba ya tatu, ile ya kufunga simu yenyewe, hatukuiweka. Funguo mbili zinamtosha.

Kisha nikamfanyisha. Zima, washa, tia. Zima, toa betri, rudisha, washa, tia. Mara 3 siku ile, na mara 1 kila alipopita kwangu wiki ile akienda kununua unga.

Mengine tuliyapanga kwa haraka. Lugha ya simu tukaigeuza Kiswahili. Menyu ya M-Pesa ilibaki Kiingereza, kwa kuwa lugha yake ina mpangilio wake peke yake ndani ya menyu hiyo hiyo. Wengi hawajui, hudhani simu ni mbovu. Majina yote tukayanakili, yawe kwenye laini na kwenye simu. Kitufe cha 2 akikikandamiza na kukishikilia, kinampigia binti; 3 mjukuu; 4 muuza unga; 5 mimi. Vitufe hivyo alivitawala mara moja kwa kuwa havihitaji kusoma. Na simu ikatoka kidakani, ikapata msumari na kifuko cha ukili karibu na dirisha la uwanjani.

Matokeo

Kwa hesabu, alikosa maagizo ya alasiri mbili. Wateja wawili waliokwenda kwingine hawajarudi. Majina yalisalimika yote. Pesa zilikuwepo. Chaji sasa inakaa zaidi kuliko simu ilipokuwa kidakani.

Baada ya mwezi umeme ulikatika siku nzima na simu ikazimika tena. Safari hii hakuniletea. Nilijua alipopita na kuniambia kama habari ya kawaida kwamba usiku uliopita "alifungua mlango" gizani kwa mwanga wa kandili.

Uchambuzi

Wa kwanza wa kutazamwa ni mimi na mawakala wenzangu. Miaka yote kwenye meza zetu tumesema "tia namba ya siri" bila ya kusema ipi. Jina moja tumelipa vitu vitatu tofauti, kisha tukawalaumu wazee kwa kuvichanganya. Bi Mkubwa hakusahau kitu. Namba aliyoitia mara tatu ilikuwa sahihi, ila haikuwa ya mahali pale. Kama kijana angesema "nimeifunga laini", au kama bibi angeulizwa "ipi uliyonayo?", simu isingefika kwangu.

Kijana alifanya mengi vizuri: chombo alichokichagua kinafaa, laini aliiokoa, majina aliyaandika. Alikosea mambo mawili. Aliweka kufuli lenye namba ya maisha yake badala ya ya mwenye simu, na hakuizima simu mbele ya bibi yake ili aiwashe mwenyewe kabla ya yeye kuondoka. Hilo la pili lingefichua la kwanza kwa dakika moja. Simu iliyoandaliwa na mtu mwingine haijaandaliwa mpaka mwenyewe ameizima na kuiwasha kwa vidole vyake, bila ya kusaidiwa.

Kuhusu mtoto wa jirani simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba PUK ina mwisho. Kioo kilimwambia, kwa Kiingereza, mara saba. Kiingereza anakisoma shuleni. Kilichomkosesha ni haraka, na kuona aibu kurudisha simu ikiwa bado imefungwa.

Kilichofaa zaidi ya yote ni kusimama. Tulisimama mara mbili, betri ilipotolewa na PUK ilipokataliwa. Kusimama mara ya pili kulikuwa kugumu, kwa kuwa kila mtu alikuwa ananitazama na namba ilikuwa mkononi. Kama ningeirudia ile ile nikidhani nilikosea kubonyeza, lingebaki jaribio 1. Tangu siku ile tarakimu za namna hii sizipokei kwa sauti. Ikibidi kwa sauti, nne naisema "moja, mbili, tatu, nne" na kusimama.

Kidaka kilinifundisha kitu ambacho fundi hapaswi kufundishwa na mteja: kuuliza simu inalala wapi. Nimeshabadilishia watu wa mji wa kale betri nyingi zilizokuwa nzima, kwa sababu waliniambia chaji haikai na mimi nikaitazama betri tu, sikuuliza habari za ukuta.

Kuna lisilokaa vizuri bado. Ujumbe wa M-Pesa unapoingia, Bi Mkubwa humpa mtoto wa jirani amsomee, na mtoto huyo sasa anajua salio lake. Nimemfundisha kutambua herufi za MPESA juu ya ujumbe kama mtu anavyoitambua sura, kwa sababu ujumbe wa kweli huja kwa jina hilo na wa matapeli huja kutoka namba ya kawaida. Na kiasi kilichoingia anaweza kukisoma mwenyewe maana ni tarakimu. Kwa maneno yaliyobaki ya ujumbe bado anamhitaji msomaji. Tunafanya mazoezi ya herufi kidogo kidogo, anaponunua kredo.

Na usajili wa laini ungali kwa jina la binti. Pesa za mofa, za mikono ya Bi Mkubwa, mbele ya sheria zimo katika akaunti ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mwanawe wa kumzaa. Binti amekubali kubadilisha. Wataenda pamoja, kila mmoja na kitambulisho chake, atakapokuja Lamu kwa Maulidi.